Maziwa Yaliyochachia Langoni

Mama Lodio alisimulia pale kwenye foleni ya maji, mtaani Wabera, kwamba Nurto alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya mtungi, mate yanamtoka. Gari la maziwa kutoka Gotu likapiga honi mara kumi. Dereva akachoka, akaacha maziwa langoni, akaenda zake.

"Mtu haskii, halafu mnampatia kazi ya kungojea honi," akamalizia. "Hata mbuzi ni afadhali, huyo angeshtuka."

Watu wakacheka. Atabo naye akacheka kidogo, kisha akageuza uso. Mama Lodio hakuwepo siku hiyo. Yeye Atabo alikuwepo.

Nurto ndiye aliyepokea maziwa ya ngamia katika chumba cha maziwa cha kikundi cha kina mama. Hasikii tangu utotoni, lakini pua yake ilikuwa mizani. Akifungua mtungi na kunusa, anajua kama ulifukizwa moshi vizuri ili maziwa yasiharibike, au ulisuuzwa maji tu. Mwenyekiti wa kikundi, Ruweida, alimwandika kazi kwa sababu ya hiyo pua. Kuhusu honi walikubaliana hivi: gari likilia, Atabo anayeosha mitungi apige meza kwa kiganja mara mbili. Nurto anausikia mtetemo viwikoni, anatoka kupokea. Miaka miwili hawakukosana.

Basi Alhamisi Nurto akanusa mtungi wa shangazi yake Atabo, akatikisa kichwa mbele ya watu wote. Haukufukizwa. Shangazi akarudi nyumbani na maziwa yake, na Atabo akabaki na kinyongo.

Ijumaa honi ikalia. Atabo akaitazama meza, mikono bado ndani ya povu. Acha agombezwe kidogo, aliwaza, naye aonje aibu. Ikalia tena. Nurto alikuwa macho kabisa, mgongo kwa mlango, akibandika majina kwenye mitungi. Atabo hakukumbuka kwamba dereva alikuwa anakimbilia swala. Alipochungulia, gari halikuwepo na mitungi imepangwa juani. Hapo bado angeweza kusema. Akaogopa kuulizwa, akarudi kuosha.

Ruweida alipofika, maziwa ya kupelekwa Nairobi yalikuwa yamechacha. Atabo akasema alikuwa nyuma akiteka maji. Nurto akaambiwa akae nyumbani mpaka mkutano wa Jumatatu, na wengi walishasema kazi ile inataka mtu mwenye masikio.

Jumapili alasiri Nurto akaja kwa Atabo. Hakuwa na uso wa ugomvi. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, akampa simu asome alichoandika. Atabo alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Dada, kesho nitaomba waweke swichi kwa lango na taa ndani. Dereva akibonyeza, naona mwenyewe. Nisikusumbue tena na meza. Lakini wakiamini nililala, hawatanisikiza. Wewe peke yako uliniona niko macho. Nikikosa hii kazi sijui nani mwingine ataniandika."

Atabo akasoma tena kutoka juu, ingawa alikuwa ameelewa. Akisema Nurto alikuwa macho, watauliza yeye alijuaje, na yeye alikuwa nyuma akiteka maji.

Nurto akaichukua simu, akaongeza mstari mmoja, akairudisha.

"Utanisemea?"

Kisha akainua macho, akayakaza kwenye midomo ya Atabo, akingoja isogee.