Kichwa kwa Mkia

Tak-tak-tak-tak-tak. Kimya. Tak. Tak. Halafu tena mbio, tak-tak-tak-tak, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mpita njia aliisikia cherehani hiyo kabla hajaiona nyumba. Majirani waliijua lugha yake. Mbio ndefu isiyopumua, hilo ni pazia. Mwendo wa kunyatanyata, mkono wa blauzi. Kimya kirefu kikifuatwa na "Ala!", basi uzi umekatika, usibishe hodi sasa.

Aliyekaa nyuma ya mlio huo alipewa majina mengi, lakini lililomganda ni Pindo. Alilipata utotoni, kwa sababu alikunja na kushona pindo la kila kitu chenye ncha: leso za baba, taulo za jikoni, hata pazia la jirani lililopeperuka likaingia dirishani kwao. Jirani alilivuta, akaliona limepungua, akaja kulalamika. Alipouangalia ule mshono ulivyonyooka, akarudi kwake na kuleta la pili.

Kiangazi hicho ukoo wao ulishikwa na homa ya sherehe. Mpwa alihitimu. Mapacha wa binamu walitimiza mwaka. Shangazi na mumewe waliamua kurudia viapo vyao vya ndoa, ati vile vya kwanza walivisema kwa haraka. Na kila sherehe ilipita kwanza chini ya sindano ya Pindo. Aliwashonea mapacha suruali za mpira kiunoni, wakazivua wenyewe kabla keki haijakatwa. Akamshonea shangazi gauni la bluu lenye mifuko, maana shangazi alisema hawezi kuapa mikono inaning'inia. Vipande vilivyobaki havikutupwa: vikawa maua ya kubandika kifuani, vifuko vya zawadi, mito ya kuegemea. Sebule ya mama yake, ambamo cherehani ilikaa karibu na dirisha, ilijaa nyuzi kiasi kwamba wageni waliondoka nazo kwenye soksi.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kunyoosha miguu tu. Safari yenyewe ilikuwa harusi ya binti wa dada yake.

Dada Mkubwa, mzaliwa wa kwanza, alikuwa mtu wa kuingia na mkoba kwapani na uamuzi mdomoni.

"Gauni tutachukua kwenye lile duka la mjini," alitangaza. "Wana vioo vya ukuta mzima."

"Mama, mimi sivai vioo," binti yake akajibu. "Atanishonea mama mdogo."

"Mama mdogo wako anashona mito!"

Pindo alikuwa amebana pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Nashona mito, dada, na juzi umeulalia mmoja mpaka ukakoroma."

Mama yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alicheka mpaka karanga zikamwagika mapajani. Dada Mkubwa hakucheka.

"Sawa. Shona. Lakini likiharibika mbele ya wakwe, mashine hii itoke hapa. Iende stoo, sebule irudi kuwa ya watu. Na habari za kujiita fundi ziishe."

"Likiharibika," Pindo akasema, shingo imenyooka, "nitaibeba mwenyewe mpaka stoo. Kazi yako itakuwa kunifungulia mlango."

Kitambaa alikinunua Dada Mkubwa mwenyewe: satini nzito rangi ya maziwa, mwisho wa rola, dukani haikubaki tena. Pindo aliitandaza juu ya meza ya kulia, akapanga patroni zake za karatasi. Sketi ilikuwa ya mapande manane, kila moja jembamba kiunoni na pana chini. Mkono wake ukafanya kama Bibi alivyomfundisha tangu akiwa mtoto: kichwa kwa mkia. Pande moja kiuno kimeelekea dirishani, la jirani yake kiuno kimeelekea mlangoni, yalale yamekumbatiana kama samaki kwenye kopo, kisibaki kitambaa cha kupotea. Katika nyumba ile kupoteza kitambaa na kumtusi mkubwa vilikuwa kosa la daraja moja.

"Umekata kama mimi," Bibi alisema, akikusanya vile vipembe vichache vilivyobaki. Pindo akajaa kifua kama njiwa.

Akashona. Kwa pembe zile akatengeneza vibendera vidogo vya pembetatu, akavitunga kwenye utepe, akavitundika barazani ili nyumba nayo ijue kuna harusi.

Siku chache kabla ya harusi yenyewe, binti alikuja kujaribu gauni. Pale sebuleni lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Bibi akapiga makofi. Binti akatoka barazani, juani, ajione vizuri, na Pindo akamfuata.

Sketi ilikuwa na mabaka.

Mapande mawili yaling'aa, lililofuata lilikuwa limefifia, moja likang'aa tena, halafu matatu kwa mpigo yamefifia kama maziwa yaliyolala, na la mwisho likang'aa. Satini ina mwelekeo: ukiitazama hivi inarudisha mwanga, ukiigeuza juu chini inaumeza. Pamba haijali, satini inajali sana. Pindo alilijua hilo, kila ashonaye analijua. Lakini mkono wake, uliozoea kuokoa kila kipande, ulikuwa umekata kabla ya kukiuliza kichwa.

"Hicho ni kivuli?" Dada Mkubwa akauliza. Akamzunguka binti yake, polepole, mkoba kwapani. "Si kivuli. Mwanangu ataolewa amevaa viraka."

Hakupiga kelele. Alifanya jambo baya kuliko kelele: aliingia ndani, akafungua mlango wa stoo, akauacha wazi.

"Kosa ni langu," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekufundisha kukata hivyo."

"Mkasi niliushika mimi, mama."

"Mama mdogo," binti akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, "mimi sivai jingine."

"Tulia, mwanangu. Usinililie juu ya satini, inashika madoa."

Pindo aliketi kwenye ngazi ya baraza, kidevu mikononi. Kuifumua ili aibadilishe na kitambaa gani? Hakikuwapo. Aliona kwa macho ya moyo cherehani ikilala stoo, kati ya ndoo na baiskeli mbovu, na damu ikamchemka. Hata! Si yeye. Akainua uso kwa hasira, kama mtu anayetafuta wa kugombana naye, na macho yakagota kwenye vibendera.

Upepo ulikuwa unavichezea. Vilikatwa kichwa kwa mkia vilevile, kutoka satini ileile, akavitunga kwa mpangilio viliotoka nao kwenye mkasi, kimoja juu, kimoja chini. Kimoja kiliwaka, cha pili kikafifia, cha tatu kikawaka. Utepe mzima ulikuwa unakonyeza. Na tangu vitundikwe, hakuna mtu aliyewahi kupita hapo akasema "mabaka". Kila mgeni alisema "Lo!"

Akasimama ghafla hata Bibi akashtuka.

"Vua."

"Nini?"

"Gauni, mwanangu. Ingia ndani, vua sasa hivi."

Manne yanang'aa, manne yamefifia. Kichwa kwa mkia siku zote hugawa nusu kwa nusu. Kitambaa hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye foleni. Alifumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi mdogo. Akayapanga upya: la kuwaka, la kufifia, la kuwaka, la kufifia, mpaka duara likafunga. Kisha akaanza kushona, unywele mmoja tu ndani ya mstari wa zamani, matundu ya sindano yabaki upande usioonekana.

"Litabana kidogo," alimwambia binti. "Mpaka harusi, keki utaila kwa macho."

Dada Mkubwa alisimama kizingitini. "Unashona nini tena?"

"Nashona nilichokusudia."

"Hukukusudia."

"Sasa nakusudia."

Tak-tak-tak-tak. Tak-tak-tak-tak. Huko nje jirani wa pazia alimshika mwenzake mkono. "Leo anashona nini?" Yule akatega sikio, akatikisa kichwa. Mwendo ule haukuwa wa pazia wala wa blauzi. Ulikuwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Pindo alisimama ukutani na pini zake kwenye mkoba, kwa lolote litakalotokea. Milango ikafunguliwa.

Binti akapiga hatua ya kwanza, na sketi ikazungumza. Mapande yaliyowaka yakafifia, yaliyofifia yakawaka. Hatua ya pili, yakabadilishana tena. Mwanga ulikuwa unamzunguka bibi harusi kutoka kiunoni hadi sakafuni, kama kwamba gauni linapumua. Vigelegele vikapasuka kutoka kona zote, na watu wa nyuma wakapanda juu ya viti.

Mama wa bwana harusi alimwinamia Dada Mkubwa. "Mwenzangu, hili mmelitoa duka gani?"

Pindo alikuwa nyuma yao tu. Alimwona dada yake akiuhamisha mkoba kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Duka?" Dada Mkubwa akasema. "Duka gani! Hili limeshonwa sebuleni kwa mama yangu. Aliyelishona ni mdogo wangu, huyu hapa. Ni fundi." Neno la mwisho alilitamka kwa nguvu hadi mistari mitatu ya viti ikageuka.

"Na hiyo michirizi, alikusudia iwe hivyo?"

"Alikusudia," Dada Mkubwa akajibu, bila kupepesa jicho.

Baadaye, ngoma zimepamba moto na bibi harusi anakula keki yake kwa mdomo hatimaye, Dada Mkubwa alikuja na sahani mbili. Akampa mdogo wake moja, akakaa, akavua viatu chini ya meza.

"Mlango wa stoo nimeufunga," alisema.

"Nimeona."

"Mwakani mimi na shemeji yako tunatimiza miaka thelathini ya ndoa." Akaichokoachokoa keki. "Nimefikiri… yaani, ukipata nafasi. Kama hilo. Linalowaka na kuzima."

Pindo akaweka sahani chini. Akatoa futi mkobani, akaining'iniza shingoni.

"Simama."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa hapa. Na usivute tumbo ndani, mimi si mpiga picha."

Dada Mkubwa akasimama peku, akacheka mpaka akashika meza, na Bibi aliyekuwa jirani akaja kushuhudia. Pindo alipitisha futi kiunoni mwa dada yake, akaikaza, akailegeza, akamtazama usoni.

"Nitakushonea, dada," akasema kwa sauti, meza zote za karibu zikasikia. "Na safari hii nitakata kichwa kwa mkia kwa makusudi, tangu pande la kwanza."