Kisirani Kaja Kuposa

Mwanaume aliyeletwa nyumbani na binti yangu nilimtambua kabla hajavua viatu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kashika mfuko wa matunda kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Lakini shingo ile nene na lile kovu juu ya jicho ningevijua hata gizani. Alikuwa Kisirani, mwanamieleka mwovu kuliko wote, aliyemtia shujaa wangu Radi vumbi machoni akamnyang'anya mkanda wa ubingwa. Siku ile niliirushia televisheni kandambili.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Marahaba," nikajibu, maana adabu ni adabu. "Kwa nini ulimtia Radi vumbi machoni?"

"Mama!" binti yangu akaruka.

"Ilikuwa poda ya watoto, mama," akasema Kisirani akitazama sakafu. "Na tulikubaliana tangu mchana. Radi ni rafiki yangu. Hata hiyo poda alinunua yeye."

Mieleka nimeipenda tangu nikichungulia dirishani kwa jirani aliyekuwa na televisheni. Shujaa wangu akishindwa, sili. Marehemu mume wangu aliwahi kuniambia wale wanaigiza. Nikamnunia wiki nzima. Baadaye nilianza kushuku, sikatai. Mtu anapigwa kiti cha kichwa, halafu Jumamosi inayofuata yuko mzima kama kigingi? Lakini sikuuliza, kwa sababu jibu sikulitaka. Sasa jibu lilikuwa limekaa kwenye kochi langu, linakunywa chai. Iliniuma jamani. Nilijiona mjinga niliyelia bure umri wote.

Alipoondoka tu, nikatoa hukumu.

"Huyo hapana."

"Hujamjua, mama."

"Nimemjua kabla yako! Mtu anayelipwa kudanganya ukumbi mzima, atashindwa kukudanganya wewe mmoja? Anakulisha nyama ya ulimi, na mwenye bucha ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wa kuvunjika guu ni yeye, mama, kila Jumamosi."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake yamejaa machozi. Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, si mtu wa kulialia. Akasema, "Njoo umwone kazini, kwa karibu, si kwenye televisheni. Ukitoka pale bado unasema hapana, nitamwacha. Ila njoo kwanza."

Namjua mwanangu. Akisema atamwacha, atamwacha kweli, wala hatanilaumu, atakuwa ananyong'onyea tu mbele ya macho yangu. Kwa hiyo Jumamosi nilifunga bucha mapema, nikaenda.

Tulikaa safu ya mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki, harufu ya dawa ya kuchua imejaa pale hata koo linawasha. Kwa karibu hivyo niliona mambo ambayo televisheni haiyaonyeshi. Radi wangu ameota kitambi na goti lake limefungwa bandeji. Mgongo wa Kisirani ulikuwa na michubuko ya jana juu ya michubuko ya juzi. Walipoanguka, mbao za ulingo zililia mpaka kiti changu kikatetemeka. Walikuwa wamekubaliana wao wawili, sawa, lakini zile mbao hakuna aliyekubaliana nazo.

Kisirani alicheza ushenzi wake wote. Alimvuta Radi sikio, akamkanyaga vidole pale mwamuzi alipogeuka, na ukumbi ukamzomea. Mimi nilikaa nimekunja mikono. Kisha Radi akapanda juu ya kamba ili amrukie, kama anavyofanya kila mara, na mguu ukateleza.

Alikuja kichwa chini. Mimi nakata nyama kila siku ya Mungu, najua shingo inavunjika wapi na kwa uzito gani. Kisirani alikuwa amelala, anajifanya amezirai. Akajitupa chini ya Radi, akampokea kwa kifua, kiganja kimoja kimeshika kisogo kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Wakaanguka pamoja. Ukumbi ukashangilia, watu wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Kisirani akamkaba Radi shingo, lakini mkono wake ulikuwa umelegea na mdomo uko sikioni kwa mwenzake. Nikaona vidole vya Radi vikiubana mkono wake, taratibu, mara mbili.

Yu hai. Lakini hakuweza kuinuka.

Basi Kisirani akasimama peke yake, akaanza kututukana. Alimnyang'anya mzee mmoja kofia akaivaa. Akasema sisi sote tunanuka. Alifanya kila kituko ili macho yetu yawe kwake, mwenzake avute pumzi. Damu ilimtoka puani na alikuwa anachechemea, na hiyo haikuwa poda ya watoto. Lakini watu walianza kuchoka naye. Zomeazomea ikapungua, nyuma yangu mtu akauliza, "Mbona Radi hasogei?" Vichwa vikaanza kugeuka. Kisirani naye akaishiwa matusi, akabaki amesimama pale na kofia ya watu kichwani.

Nikasimama juu ya kiti.

"Mwizi wee!" nikapaza sauti. "Kisirani, huna haya! Rudisha kofia ya mzee! Aliyekuzaa ana hasara! Njoo buchani kwangu nikuuze kwa kilo, na hakuna atakayenunua!"

Ukumbi ukalipuka upya. Kisirani akanitazama, akanielewa, uso wote ukamfunguka kwa furaha. Kisha akakumbuka kazi yake, akanitolea ulimi. Mkwe mtarajiwa, mbele ya kadamnasi, ananitolea ulimi! Nilimpenda pale pale.

Binti yangu alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

"Basi, mama," akasema. "Nimekuelewa. Nitamwacha."

"Umwache nani?" Nilimshika kwapa, nikamsimamisha juu ya kiti chake. "Mwambie wazazi wake waje nyumbani. Sasa acha kulia unisaidie kumzomea, Radi bado hajapata pumzi."