Nafasi Tunayo

Kaka yangu tulimbatiza jina la Wastani tangu yuko shule, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote anakujibu kwa hesabu ya kugawanya. Ukimwambia una njaa, atakwambia kwa wastani nyumba hii imeshiba. Baba alikuwa fundi viatu, na kila akisikia hayo alicheka hadi misumari ikamtoka mdomoni. Alimsomesha kwa soli za watu mpaka kijana akafika wizarani, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ugonjwa ulipoingia duniani, kazi yake ikawa kulinganisha nchi na nchi: wapi wanakufa zaidi, na kwa nini.

Sisi tulibaki uani. Ua wetu una milango mingi, bomba moja na choo kimoja. Wanangu wanalala mzungu wa nne, na mimi nashona cherehani yangu ikiwa nusu ndani, nusu nje, mpita njia aniombe radhi kwanza ndipo apite.

Siku moja Wastani akahojiwa redioni. Baba akaitoa redio nje, akaongeza sauti mpaka ikakwaruza, ili asibaki mtu wa kusema hakusikia.

"Mtaalamu," mtangazaji aliuliza, "wenzetu wenye hospitali za kifahari wanazika mchana kutwa. Sisi vifo vyetu kwa kila watu milioni ni vichache. Siri ni nini?"

"Msongamano," kaka alijibu kwa ile sauti yake ya kikaoni. "Wao wamerundikana kwenye maghorofa. Sisi, ukichukua watu wetu wote ukawagawanya kwa ardhi yetu yote, kila mmoja ana eneo la kutosha hata kulima. Ugonjwa unachoka njiani kabla haujamfikia mtu wa pili. Nafasi tunayo."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. "Jamani, aliyelichukua shamba langu alirudishe!" alipiga kelele jirani yetu muuza mkaa. Baba alicheka pia, ila yeye alikuwa na machozi ya fahari. Mimi nilikasirika. Ardhi yetu yote! Humo mna jangwa, mna maziwa, mna milima ambayo hata mbuzi anaikataa. Wilaya yetu yenyewe sehemu kubwa ni msitu wa hifadhi, na sisi tumeshindiliwa pembeni.

Alipokuja kutusalimia nilimuuliza, "Kaka, na nyani umewahesabia eneo lao, au umetupa sisi?"

"Mdogo wangu, ndivyo dunia nzima wanavyopima. Huwezi kulinganisha nchi kwa vipimo viwili."

"Basi njoo upime foleni ya choo chetu asubuhi."

"We mtoto, mwache mwenzio na kazi yake," Baba alinikemea. Kaka akaendelea kunywa chai na kutupa habari njema: pendekezo lake limekubaliwa. Hesabu ile ile sasa itatumika wilaya kwa wilaya. Zilizosongamana zitapewa mitungi ya oksijeni, zenye nafasi zitasubiri.

Wiki hiyo hiyo lori lilikuja kwenye ukumbi wa shule ya jirani, palipokuwa na wodi ya muda, likapakia mitungi yote. Ikapelekwa mjini kati, wilaya ndogo iliyojaa ofisi. Wakati huo ofisi zenyewe zilikuwa zimefungwa na wenyewe wamejifungia majumbani kwao, lakini kwenye karatasi walikuwa bado wamebanana humo.

Kisha Baba akaanza kukohoa. Akasema ni gundi. Kesho yake akasema ni vumbi la ngozi. Mama alipomshika paji la uso, Baba akausukuma mkono wake pembeni.

"Mume wangu, twende ukapimwe."

"Nikapimwe ili iweje? Mwanangu kasema redioni huku haufiki. Niwe wa kwanza kumtia aibu?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alificha mpaka midomo ikageuka rangi. Ndipo nikampigia Wastani, naye, lazima niseme, alikuja mbio na gari la ofisi. Tulimbeba Baba hadi kwenye ukumbi wa shule. Muuguzi alikuwa amekaa peke yake kati ya vitanda vitupu.

"Mitungi ilichukuliwa," alisema. "Walituambia wilaya yetu ina nafasi." Hakumjua anayeongea naye. Kaka hakujitambulisha.

Tukamrudisha Baba garini, Kaka akapiga simu hospitali ya mjini kati. Wakamuuliza mgonjwa anaishi wapi. Akawaambia. Wakamjibu wanapokea wa wilaya yao tu, ndivyo mwongozo unavyosema.

"Huo mwongozo nimeuandika mimi!" alifoka.

"Basi unaujua, mkuu," sauti ikamjibu kwa adabu, na simu ikakatwa.

Baba, kwenye kiti cha nyuma, alimvuta shati. "Usigombane na watu wa kazini kwako," alisema. Alikata roho kabla hatujaligeuza gari. Kwa kuwa hakupimwa, hakuhesabiwa. Jioni redio ilisema kiwango chetu cha vifo bado ni cha chini kuliko cha wenzetu, na mimi niliizima kwa nguvu hadi kitufe kikabaki mkononi.

Msibani watu walikuja wengi, maana Baba hakuna mguu mtaani ambao hajaushonea. Walikaa goti kwa goti, bega kwa bega, na huku na huku mtu akikohoa mwingine anajifanya hakusikia. Wastani aliingia mwisho, kashika mkononi viatu vyake, vile ambavyo Baba alivitia soli mwenyewe. Akatafuta pa kukaa. Hapakuwepo.

Mama aliinua kichwa.

"Sogeeni, mwanangu akae," alisema. "Si nafasi tunayo?"

Hakuna aliyecheka. Watu walijikunja, wakavuta miguu, wakapakata watoto wa wenzao, na bado halikupatikana hata pengo la kuweka mkono. Kaka yangu alikwenda kusimama penye mlango wa choo. Kila aliyetaka kuingia alimgusa bega taratibu na kumwomba asogee, naye aliangalia kulia, akaangalia kushoto, asijue asogee wapi.