Mshono Bila Gundi

"Viazi hivi ukivichemsha vinapasuka vyenyewe," Hanif alisema, akiutua mfuko mlangoni. "Nakhumicha amekuchagulia kwa mkono wake."

Mahira hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. Kila safari jina hilo liliingia nyumbani kwao Waithaka kabla mumewe hajavua viatu. Hanif alikuwa dereva wa watalii. Aliwapeleka Mlima Elgon, na huko walipiga kambi nyuma ya shamba la huyo Nakhumicha, mjane aliyelima vitunguu na kahawa na kuwapikia wageni. Hanif alirudi kama mtu aliyetoka harusini. Alisimulia mapango ambamo ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya mwamba. Mianzi inayolia upepo ukipita. Kahawa ya Nakhumicha, inayokaangwa ukiiona.

"Na pilau yangu, huko huwa unaisimulia?" Mahira aliuliza.

Hanif alicheka tu. Mahira aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria.

Mahira alikuwa fundi wa mahema. Katika chumba kimoja Ngara, juu ya duka la vitambaa, yeye na mwenzake Ndunge waliyatengeneza mahema ya kampuni za safari. Alhamisi lililetwa hema la kijani, lile alimolala Hanif mwenyewe akiwa kambini. Sakafu yake ilikuwa imechanika. Mahira alikata kiraka, akakishona mara mbili, sawasawa. Ikabaki gundi ya kuziba matundu ya sindano, maji yasipenye. Alishika brashi. Hapo akamwona mawazoni Nakhumicha, ambaye hakuwahi kumwona, akimimina kahawa, na Hanif akimnyooshea kikombe.

Akairudisha brashi mkebeni.

"Hiyo imeisha?" Ndunge aliuliza.

"Imeisha."

"Na gundi je?"

"Ndunge, si nimesema imeisha?"

Jumamosi jioni simu ililia. Nyuma ya sauti ya Hanif mvua ilisikika kama mahindi yanayomwagwa juu ya mabati.

"Mama Shahida, huku kumeharibika. Hema yangu imejaa maji, hadi blanketi. Lakini usijali, Nakhumicha amenipa chumba ndani."

Mahira alikaa palepale, kwenye sakafu ya jikoni. Alitaka Hanif alowe, auchukie mlima, arudi akiulaani. Kumbe kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango wa nyumba ile.

Hanif alirudi akikohoa. Hakuleta mfuko wala hadithi. Alimaliza uji, akaweka kikombe chini.

"Mshono wako haujawahi kuvuja," alisema polepole. "Nimeuangalia. Hakuna hata tone la gundi."

Mahira aliitazama mikono yake. "Ulilala chumba gani?"

"Cha kijana wake. Yuko shuleni, bodingi." Akakisukuma kikombe kando. "Uliniuliza kama huwa nakusimulia huko. Hapana. Sijawahi. Nilitaka niwe na mahali pangu peke yangu, Mama Shahida. Mahali ambapo hakuna anayenijua."

Yale yalimuuma kuliko chumba. Kumchukia mwanamke mwenzake angeweza. Mlima mzima angeuanzia wapi?

"Basi nipeleke," alisema.

Mahira aliona jinsi Hanif alivyosita, kama mtoto anayeambiwa agawe mkate wake. Lakini gari lilipopata nafasi, alimpeleka.

Nakhumicha hakuwa mzee wala mbaya, ingawa njia nzima Mahira aliliomba hilo. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha karibu. "Karibu, dada," alisema, akamshika mikono yote miwili. Kahawa yake ilikuwa nzuri kweli. Mahira aliinywa yote.

Kulipopambazuka alitoka peke yake. Ukungu ulikuwa ukinyanyuka kwenye vitunguu, na chini, mbali sana, mashamba ya watu yalijitokeza moja baada ya lingine, mabichi, yakifukiza moshi wa asubuhi. Alifuata njia ya ng'ombe hadi ukingo wa msitu. Mbega wawili waliruka mitini juu ya kichwa chake, mikia yao myeupe ikapeperuka, wakatoweka.

"Mama Shahida!" Hanif aliita kutoka kambini. "Uko wapi?"

Alimsikia vizuri. Majani ya juu yalikuwa bado yanatikisika. Hanif akaita tena, na Mahira akainua pindo la buibui lake, akapanda mbele kidogo, bila kujibu.