Kona ya Yunusi

Reli ya Yunusi ilianzia chini ya uchanja wa vyombo, ikapita ubavuni mwa kinu, ikaishia kwenye kichuguu cha udongo alichokiita Nachingwea. Mataruma yalikuwa vijiti vya mianzi, reli zenyewe nyaya, na mabehewa makopo ya samli yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Stesheni haikuwa na sanamu hata moja ya mtu. Akiulizwa, Yunusi alijibu, "Abiria wameshapanda."

Miaka sita mkewe, Mwanawetu, aliufagia ua ule akiinua kanga asikwae. Mumewe akirudi kutoka kazini kwenye reli kubwa, huoga, akachutama kwenye hii ndogo mpaka adhana ya magharibi impite kama upepo. Mke anaswali, nyuma yake kopo linakwaruza. Hakugomba. Alijihesabu tu kuwa ndiye anayejibana kuyapisha makopo, na moyoni akaweka neno: huyu ana kibla chake.

Sasa Yunusi yuko kaburini, eda imekwisha juzi, na ufuta wa shemeji yake, Kaimu, unataka pa kukaushiwa. Mwanawetu mwenyewe ndiye aliyemwambia aje na jembe.

Kaimu alikuja na Mbaruku wa Nkowe, aliyekuwa genge moja la reli na marehemu, naye alitaka kuiona reli hii ndogo kabla haijang'olewa. Aliizunguka mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Shemeji, hii ni kazi. Daraja hili, hata nguzo zake ni zilezile." Akasimama katikati ya ua, akacheka. "Ila hapa alisinzia. Ukitoka Nanganga, pale njia imenyooka kama uzi. Kona hii kaitoa wapi?"

"Uzee," alisema Kaimu. "Macho."

"Macho gani? Mataruma ya pale tumeyalaza mimi na yeye, mwaka arobaini na tisa. Hawezi kupakosea."

"Basi alikwepa jiwe."

Mbaruku alichutama, akapapasa udongo. "Hapana jiwe."

Alasiri ikaingia. Wanaume wakaenda msikitini, jembe likabaki limeegemea ukuta. Mwanawetu alitawadha, akatandika mkeka palepale alipoutandika tangu aolewe. Alipotoa salamu, kulia, kisha kushoto, macho yake yaliufuata waya. Ulikuja umenyooka mpaka shubiri moja kutoka ukingo wa mkeka, ukapinda, ukauzunguka, ukarudi kwenye njia yake. Akapima kwa kiganja. Shubiri moja huku, shubiri moja kule.

Tasbihi ilimchukua muda mrefu kuliko desturi.

"Nianzie wapi, shemeji?" Kaimu alikuwa amerudi na Mbaruku, jembe mkononi.

"Ufuta kautandaze mbele ya nyumba, kuna jua zaidi," alisema Mwanawetu, bado ameketi. "Huku naswalia."

"Si ulisema mwenyewe…"

"Nilisema."

Mbaruku aliutazama mkeka, kisha akaitazama kona. Behewa moja lilikuwa limelala ubavu. Mwanawetu akanyoosha mkono bila kuinuka, akalirudisha njiani.