Mbu wa Bibi

Bibi alifariki Jumatatu asubuhi, siku nne kabla ya mtihani wangu wa vitendo. Tukamzika, chuo kikanisogezea mtihani wiki mbili mbele. Kilichokosekana ni mkono wa kuchoma.

Nilikuwa nasomea cheti cha msaidizi wa maabara. Mkono wa plastiki ulikuwa mmoja tu, nao ulishatobolewa hadi unavuja kama chujio, kwa hiyo kila mwanafunzi alikuja na mtu wake wa kutolewa damu. Wangu alikuwa Bibi. Kila Jumatano aliketi, akapandisha mkono wa gauni, akaanza:

"Haya, Mbu, choma! Au unasubiri mshipa ukuamkie?"

Darasa likicheka, nachoma, damu inatoka. Sikuwahi kukosa. Jioni alimsimulia Babu yote, na matusi yake.

Siku ya mtihani alikuja Babu. Ni mpole, miaka hamsini ya ndoa alijibu "sawa, mama" tu. Sindano anaiogopa hata ya kushonea. Alivaa sweta tatu.

"Kuna baridi," alisema, jasho likimtiririka.

Tukazivua. Nikamfunga mpira, mshipa nikaupata, nikashika sindano. Mkono wangu ukagoma. Mkufunzi akatazama saa.

"Dakika tano. Ukishindwa, ni mwaka ujao."

Hapo ndipo nilipogundua: sijawahi kumchoma mtu kabla hajanitukana.

"Babu," nikanong'ona, "nitukane."

"Umenikosea nini, mjukuu wangu?"

"Nitukane tu!"

Akafikiri. "We... we kijana mwenye bidii."

"Babu!"

"Basi, siku nyingine unachelewa kuoga."

Mkufunzi akaandika kitu. "Dakika mbili."

Babu akafumba macho, akavuta pumzi, akabana pua kidogo, sauti ikawa kama ya marehemu Bibi.

"Haya, Mbu, choma! Au unasubiri mshipa ukuamkie?"

Nikachoma. Damu ikapanda kwenye chupa, nyekundu, bila shida. Machozi yalikuwa yananitoka, na mkufunzi akaniuliza kama nimejichoma mwenyewe.

Babu akafumbua jicho moja. "Tayari?"

"Tayari."

"Haya," akasema, akazirai.

Nilifaulu. Sasa niko zahanati, chumba cha pili kushoto. Babu huja kupima sukari kila mwezi, hakubali kuchomwa na mtu mwingine, na hunitukana kuanzia mlangoni.