Kambi ya Siri ya Lionja

Mwaka 2009, Nachingwea tulikuwa wawili tunaosoma shahada ya uzamili ya uchambuzi wa kiintelijensia kwa njia ya mtandao: mimi, mwalimu wa shule ya msingi kule Lionja, na Modestus, ofisa wa wilaya. Chuo kilitaka kila mtu asome kazi ya mwenzake na kuitolea maoni.

Jumamosi moja, kwenye intaneti kafe ya mjini, nikaifungua yake. "Kambi ya siri ya vijana." Watoto wa kiume wanapelekwa porini mwezi mzima, mama zao hawaruhusiwi kusogea, wanafundishwa nyimbo za siri, wanatoka wapiganaji wenye majina bandia. Tishio kwa taifa: kubwa.

Jando! Mtu mzima na akili zake anaandika kwamba jando ni ugaidi! Hao "wapiganaji" ni wanafunzi wangu wa darasa la tatu. Mmoja bado analia akiona sindano.

Wala hakukosea kwa kutojua. Siku watoto walipotoka, Mzee Shaibu, babu wa mmoja wao, alimwalika nyumbani, na mimi nilimwona akiongezwa ubwabwa. Chini ya ukurasa ameandika: "Chanzo ni mwenyeji. Hajui kama anachunguzwa." Mhadhiri kampa A.

Nilitoka nje nikatema mate. Barabarani nikakutana na Mzee Shaibu mwenyewe. Akashuka kwenye baiskeli, akanipa kifuko cha korosho.

"Mpelekee mwenzio, Mwalimu. Mwambie yule mjukuu wangu aliyetoka jandoni tumeshampa jina jipya, jina la msomi. Sasa anaitwa Modestus."